Maji ya Kisima na Maua ya Makao Makuu

Maji ya Dodoma, mwanangu, yana ladha yake, na mtu asiyeijua ladha hiyo asifungue bustani ya miche. Ukichemsha chai kwa maji ya visima vyetu vingi, birika linaota ukoko mweupe kwa ndani kabla mwezi haujaandama. Ukifua, sabuni inagoma kutoa povu. Unasugua mpaka kipande kinaisha na kola ya shati bado nyeusi. Nakueleza haya kwa sababu nimesikia umekodi kiwanja kando ya barabara ya Dar es Salaam, upande wa Ihumwa, unataka kuwauzia maua hao wanaojenga Mtumba. Umenunua mpira wa maji, wavu wa kivuli na mfuko mzima wa mbolea, na mama yako anasema umeshaanza kulalamika kwamba majani yanakauka ncha. Basi tulia nikusimulie tulivyoishi na maji hayo hayo miaka ile, wakati mji wenyewe ulikuwa vumbi na ahadi.

Nilipandia garimoshi Gulwe nikashuka stesheni ya Dodoma mwaka 1976, kijana wa Mpwapwa mwenye sanduku la bati na barua ya mjomba. Miaka mitatu kabla ya hapo TANU ilikuwa imeamua makao makuu yahamie huku, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo hakuna aliyeiita kwa urefu huo. Ilikuwa CDA tu, na jina la Sir George Kahama, mkurugenzi wake, lilisikika kila kibanda cha chai. Mwaka huo huo kampuni moja ya Toronto, huko Kanada, ilikamilisha mpango wa mji mpya. Niliwahi kuuona mchoro wake ukutani kwenye ofisi moja: kijani kila mahali, njia za watu wa miguu katikati ya miti. Nikatoka nje nikakutana na upepo wa Agosti, ule unaobeba mchanga hadi ndani ya sufuria lililofunikwa, na kati ya stesheni na Uhindini miti ilikuwa ya kuhesabu: miarobaini, mijohoro kidogo, mibuyu iliyokuwepo tangu enzi za mababu. Mvua ya kwetu unaijua. Inakuja Desemba, inaondoka Aprili, jumla yake milimita 570 hivi kwa mwaka wa kawaida, halafu miezi saba mbingu inafungwa. Jua nalo lina uwezo wa kukausha maji mara tatu na zaidi ya kiasi hicho. Ndani ya hesabu hiyo ndipo watu walipotaka makao makuu yenye maua.

Bustani iliyoniajiri ilikuwa pembezoni mwa mji na haikuwa na hata kibao. Mshahara ulikuwa kima cha chini, shilingi 380 kwa mwezi, na mimi nilijiona tajiri. Nilitarajia kushika maua, nikashikishwa chekecheke. Madebe mawili ya udongo wa porini, uliozolewa chini ya miti, debe moja la mchanga wa korongoni, debe moja la samadi, unachekecha, unachanganya kwa koleo, unajaza viriba mpaka mgongo unalia. Samadi ndiyo iliyonifundisha kutumia pua. Ile mbichi kutoka zizi la mbuzi inachoma hadi machozi yanatoka, na ukiipa miche inaiunguza. Iliyolala mwaka mzima chini ya mabua haina ukali tena, inanukia ardhi baada ya mvua. Harufu nyingine ya bustani ile ilikuwa dizeli ya pampu, na asubuhi ugali wa uwele uliokuwa ukipikwa na mke wa mlinzi nyuma ya banda. Kivuli chetu hakikuwa wavu mweusi kama wako. Kilikuwa mabua ya mtama na uwele yaliyofungwa kwa kamba za katani, na ndege walitusumbua kweli kweli.

Watu wawili ndio waliokuwa nguzo ya mahali pale. Wa kwanza Bwana Miti, Msambaa wa Lushoto aliyesomea Olmotonyi, mtu wa uso wa mviringo, kalamu mbili mfukoni, daftari kwapani. Wa pili mzee wa Kigogo aliyeshika keni za kumwagilia, mrefu, ndewe za masikio zimetobolewa tangu ujana, kikopo cha ugoro kikining'inia shingoni. Bwana Miti alisema sana na mzee alisema kidogo, na kwa muda mrefu nilidhani ndiye Bwana Miti anayeiendesha bustani.

Bwana Miti alikuja na mazoea ya kwao, kunakonyesha hata usipoomba. Aliagiza kila kiriba kipate maji kidogo asubuhi na kidogo jioni, kila siku ya Mungu, kwa kuwa mche mdogo ni mtoto na mtoto hunyweshwa mara kwa mara. Mzee hakubishana. Aliomba tu tuta moja awe analimwagilia apendavyo. Huko akawa anaruka siku, tena siku mbili hali ya hewa ikiwa ya mawingu. Lakini akishamwaga anamwaga, anarudia, mpaka maji yatiririke kwenye vitobo vya chini. Sisi vijana tulicheka, tukasema mzee anamwaga maji ya serikali ardhini. Kufika Oktoba viriba vya Bwana Miti vilikuwa vimeota ukoko mweupe kwenye kingo, na ncha za majani zimekuwa za kahawia, kavu, zinavunjika ukizigusa. Tuta la mzee lilikuwa kijani. Nakumbuka alivyopitisha kidole kwenye ule ukoko akakiweka ulimini, kisha akamnyooshea Bwana Miti kiriba naye aonje. Bwana Miti akaonja, akatema, akafungua daftari akaandika. Namheshimu mpaka leo kwa kuandika kule.

Siri yake ni hii, nawe uishike. Jua likivuta maji kutoka kwenye kiriba linavuta maji matupu. Chumvi iliyokuja nayo haipandi mbinguni, inabaki. Shambani chumvi hiyo ina pa kwenda, inazama chini na mvua ya Januari. Kiriba ni konzi mbili tatu za udongo, na kila keni unayomwaga inaongeza chumvi juu ya ile ya jana. Ukinywesha kidogo kidogo unaikusanya bila kujua, mpaka mizizi inakaa kwenye maji na bado ina kiu, kwa sababu maji yenye chumvi kuliko utomvu wa mche hayanyweki. Ndiyo maana mzee alimwaga mpaka yatiririke: alikuwa anausuuza udongo. Na ndiyo maana kiriba kisicho na vitobo ni kaburi. Miaka ya themanini, mifuko ya plastiki ilipoadimika kama sabuni na dawa ya meno, tulipandia kwenye makopo ya maziwa ya unga na ya mafuta ya kula, na kazi ya kwanza ya kila kibarua mpya ilikuwa kutoboa chini kwa msumari. Aliyevivia kazi hiyo tulimjua baada ya mwezi, kwa rangi ya miche yake.

Sasa usije ukafikiri maji yalikuwa ya kuchezea. Mji ulinywa maji ya Makutupora, visima vilivyo kaskazini huko karibu na kambi ya JKT, na bustani yetu ilitegemea kisima chake chenye pampu ya dizeli. Vita ya Kagera ilipokwisha mwaka 1979, hazina ya nchi ilikuwa imekauka na mafuta yakawa ya kibali. Kuna majuma pampu ilikaa kimya, tukanunua maji kwa wenye punda, shilingi moja debe. Kwa mwenye kima cha chini hiyo haikuwa pesa ya kutupa. Hapo ndipo mzee alipotufundisha kunyanyua. Asubuhi unapita kwenye tuta, unanyanyua kiriba kimoja hapa na kingine pale. Kizito kiache. Chepesi kimwagilie. Mkono ukishazoea haukudanganyi, wakati jicho hudanganywa na udongo wa juu, ambao hukauka kwa upepo saa mbili baada ya kumwagilia huku chini bado tope. Tulishangaa ni viriba vingapi tulivyokuwa tukivinywesha vikiwa vimeshiba, na vingine vikioza mizizi kwa hisani yetu. Miche michanga ya kwenye trei tuliyokuwa tukiipoteza kwa kinyaushi, ile inayolala chini usiku mmoja shina likiwa limenyong'onyea usawa wa udongo, ilipungua sana kufa tulipoacha kuimwagilia jioni.

Kisha tukapanga miche kwa kiu yake, si kwa uzuri wala bei. Waridi, hibiskusi na krotoni zikakaa karibu na pipa. Miarobaini na mikrismasi katikati. Bogenvilia tuliitupa mbali kabisa juani, na hapo pana jambo ambalo wauzaji wengi wa leo hawalijui. Bogenvilia ukiishibisha inakupa majani na miiba, imenona, haina hata ua moja. Inyime maji mpaka majani yaanze kulegea, uinyweshe, uinyime tena, na itafunika tuta kwa zambarau na chungwa. Kwa hiyo tulipoambiwa kuna mkutano wa Chama tulianza kuzitia njaa mapema, nasi tulikuwa miongoni mwa watu wachache mjini waliojua tarehe za mikutano kabla ya magazeti. Januari 1984 tulipeleka vyungu kwa ajili ya kikao kile cha Halmashauri Kuu ambacho Mzee Aboud Jumbe alijiuzulia. Watu walinong'ona kwamba hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar imechafuka. Sisi tulikuwa tukiangalia ile nyingine, maana mawingu yalikuwa yamesimama juu ya mji na vyungu vyetu viko ndani ambako mvua haifiki, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia na keni. Vilirudi vimesinyaa. Aprili ya mwaka huo ndiyo Waziri Mkuu Sokoine aliondoka hapa kwenda Dar es Salaam, hakufika. Redio ilipotangaza jioni ile, mzee aliweka keni chini, akavuta ugoro, akasema "huyu alikuwa mfugaji," basi. Kesho yake tulinyanyua viriba kama kawaida.

Nirudi kwenye majani. Ugonjwa uliotusumbua kuliko ukame ulikuwa njano: jani jipya la waridi linatoka la manjano, mishipa tu ndiyo imebaki ya kijani. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Fundi wa karakana jirani alituletea misumari yenye kutu tuichomeke kwenye vyungu, kwa kuwa mmea umekosa chuma. Kukosa kweli ulikosa, ila chuma kilikuwemo tele udongoni, tena udongo wetu ni mwekundu kwa sababu hiyo. Maji yenye magadi ndiyo yalikifunga kisiyeyuke, na misumari ingefungwa vilevile. Kilichosaidia kilikuwa maji ya mvua na chumvi moja ya dukani. Paa la banda lilikuwa la bati, mita kumi kwa kumi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa lile lilikuwa na uwezo wa kutupa lita 57,000 kwa msimu, laiti tungekuwa na pa kuziweka. Tulikuwa na mapipa ya lami yaliyosafishwa kwa moto, yakijaa tunawanyima wote isipokuwa waridi na trei za mbegu. Ile chumvi ya dukani ilikuwa mbolea ya SA, salfeti ya amonia, kutoka kiwanda cha Tanga. Inalisha naitrojeni na papo hapo inauvuta udongo utoke kwenye magadi uelekee uchachu. Tulikoroga kijiko cha chakula kwenye debe zima, mara moja kwa majuma mawili, juu ya udongo uliokwisha kuloweshwa, kamwe si mkavu. Majani yalirudi polepole.

Nimeiita chumvi kwa makusudi, maana SA, urea, NPK, zote zikishayeyuka ni chumvi mbele ya mzizi, zinaongezeka juu ya ile ya kisimani. Mwaka 1987, Chama kilipojiandaa kwa mkutano mkuu wake wa Kizota, Mwalimu akiwa ameshakabidhi urais lakini bado Mwenyekiti, alitujia mkubwa mmoja ambaye ofisi yake siitaji. Aliona miche yetu ni mifupi. Akaamuru kila chungu kiwekewe kijiko cha chai cha mbolea kavu, leo hii, ili wageni wakute kijani. Bwana Miti alijaribu kueleza, akaulizwa kama anataka kurudi Lushoto. Tukaweka. Kwa kuwa maji yetu yana magadi, mbolea ile ilipokutana nayo ilianza kutoa harufu kali ya amonia, macho yakawasha, na mzee akasimama mlangoni mwa banda akitikisa kichwa. Siku ya tatu majani yalikuwa yameungua kutoka ncha kurudi ndani. Tulitumia maji ya siku nyingi kuvisuuza vyungu vile, keni juu ya keni mpaka yaliyotoka chini mzee akayaonja akasema sasa yanafanana na ya kisima. Theluthi hivi ilipona. Zilizopelekwa Kizota zilikuwa bogenvilia za kule juani, ambazo hakuna aliyekumbuka kuzipa kitu.

Maji ya kusuuza hayakupotea, nalo uliangalie kwenye kiwanja chako. Yanatoka na samadi na mbolea yote ambayo mche haukuwahi kuila. Ukiyaacha yanatuama chini ya viriba, mizizi inatoka kuyafuata na kujichimbia ardhini, kisha siku ya kuuza unaukata mche nusu ya uhai wake. Tuliinua matuta kwa kokoto, tukachimba mfereji wenye mteremko, mwisho wake tukapanda migomba na mchicha. Mchicha ule uliuzwa Majengo, fungu senti hamsini, bei sawa na mche wa mwarobaini, na fedha ilinunua dizeli wakati kibali hakipatikani. Wakaguzi hawakuwahi kuuliza.

Na kabla ya kuuza tulikuwa na mwezi wa kukomaza. Kivuli kinaondolewa kidogo kidogo, mbolea inasimama kabisa, maji yanapungua mpaka mche unalegea mchana na kuamka usiku. Watu wa HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1973, waliokuwa wakipambana na makorongo ya Kondoa na kuondoa mifugo kule mwaka 1979, walipita mara kwa mara na Land Rover zao, na hawakutazama urefu. Walikwangua gome la mche kwa ukucha waone kama shina limekuwa mti. Mche mnene laini, uliolelewa kwa mbolea na maji ya kila siku, ukipandwa barabarani Agosti hauoni Septemba.

Nilipostaafu nilipata jambo ambalo mzee hakuwahi kuliona kwa macho, ingawa nadhani alilihisi. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo Watanzania wa idara ya maji, walichapisha vipimo vya miaka 55 vya kina cha maji kwenye visima vya Makutupora. Mvua ya kawaida haijazi visima vile. Maji hushuka, hushuka, mwaka baada ya mwaka, kisha unakuja msimu mmoja wa mafuriko, mto Kinyasungwe Mdogo unatapika, na ardhi inameza kwa pupa. El Niño ya 1997 na 1998, ile iliyong'oa reli na madaraja, ndiyo iliyojaza kuliko misimu yote ya kipindi hicho. Kwa hiyo keni unayoinua leo Ihumwa huenda ni mvua iliyonyesha kabla hujazaliwa, na itakayofuata haina tarehe.

Tangu Rais Magufuli atangaze mwaka 2016 kwamba serikali inahamia, na Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, watu wameongezeka na maua yameongezeka. Mwaka 2017 ikaja kampeni ya Dodoma ya Kijani, jambo jema. Nikipita kwenye bustani za kando ya barabara naona mpira umeachwa unatiririka juu ya bogenvilia saa saba mchana, na viriba vina kingo nyeupe. Bwawa la Farkwa linasubiriwa, maji ya DUWASA yanakuja kwa zamu, na mteja wa Mtumba anataka mche mrefu kesho asubuhi.

Wewe acha mbolea hiyo ndani ya mfuko kwa sasa. Suuza viriba vyote kwa maji mengi mara moja, halafu usiguse keni mpaka umenyanyua. Weka simtanki chini ya paa kabla ya Desemba. Na ukifika kwa mama yako Jumapili niletee kichupa cha maji ya kisima chako, niyaonje kabla hujapanda waridi.